Kashe Tatu za Hati ya Ndoa

Siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, Mahmoudi alikuwa ameketi kwenye benchi la biro moja, ofisi ya serikali ya hati, mjini Kalemie, mfuko wa plastiki mapajani. Ndani ya mfuko mlikuwa na hati yake ya ndoa. Umeme wa kituo cha Bendera ulikuwa umekatika tangu Jumapili, na watu tisa waliomtangulia walijipepea kwa karatasi zao. Yeye hakujipepea. Alikuwa fundi wa mota za mashua, na vidole vyake, hata akiviosha kwa sabuni, viliacha alama ya mafuta kwenye kila kitu cheupe.

Saa nne mke wake, Chadia, aliingia. Kikwembe chake cha kitenge kilikuwa kimelowa hadi magotini, kwa kuwa alikuwa ametembea juu ya ziwa kutoka Kigoma. Alikuwa amefariki siku tano kabla, katika hospitali moja ya huko, baada ya kupasuliwa figo. Watu wa benchi walisogea, akapata nafasi.

"Wamekubali?" aliuliza.

"Bado sijafika dirishani, Mama Zabibu," alijibu, akimwita kwa jina la mtoto wao.

Hospitali ilikuwa imekataa kumkabidhi Mahmoudi maiti. Mume anayetoka Kongo, walimwambia, lazima aonyeshe hati ya ndoa iliyohalalishwa kwa mihuri mitatu: kashe ya Kalemie, kashe ya Kinshasa, halafu kashe ya ubalozi. Bila hizo mtu yeyote angeweza kuja kudai mke wa mtu. Walimpa siku thelathini kuanzia Jumapili, kisha wangemzika wenyewe. Mahmoudi aliwaeleza kwamba kwao Waislamu maiti halazwi hata siku ya pili. Walimjibu kwamba wao pia ni Waislamu, na kwamba siku ni thelathini.

Dirishani alikuwepo Papa Déogratias, karani wa miaka mingi. Alizisoma karatasi mbili, akazilaza sambamba.

"Hapa Chadia, na C. Karatasi ya hospitali inasema Shadia, na S. Hawa ni wanawake wawili."

"Ni mumoja," alisema Mahmoudi. "Njo huyu hapa," akamwonyesha mkewe.

Déogratias aliinua macho, akamsalimia Chadia, akampa pole.

"Mama, nakuona. Lakini macho yangu hayana kashe. Kama uko muzima, uniletee kadi yako ya uchaguzi. Kama umekufa, nipate cheti cha kifo cha Chadia, si cha Shadia."

"Kadi wameifungia kule pamoja na nguo zangu zingine," alisema Chadia. "Watatoa siku watakayotoa maiti."

Karani alifikiri kidogo. Ilibidi iandikwe hati nyingine, alisema, ya kuthibitisha kwamba majina hayo ni ya muntu mumoja, na mashahidi wawili watie saini.

"Wazima," aliongeza.

Dosye, karatasi zote ndani ya jalada moja, ilipanda ndege ya Kinshasa siku ya tisa. Tangu hapo Chadia alikuja kila Jumanne na Alhamisi kuulizia. Upande wake wa benchi ulikuwa na ubaridi, na wenye joto waligombania kukaa karibu naye. Mama mmoja aliyefuatilia hati za shule za mwanawe huweka chupa yake ya maji miguuni pa Chadia, na baada ya nusu saa huinywa. Chadia hakukataa. Saa nane aliaga. Saa za Kigoma ziko mbele kwa saa moja, na mlinzi wa chumba cha maiti hufunga mapema.

Siku moja Mahmoudi alimsindikiza mpaka ufukweni, nyuma ya vichanja vya kuanikia ndagala, dagaa wa ziwani.

"Wamenilaza na mwanamke mwingine," alisema Chadia. "Nafasi hazitoshi."

"Muntu wa wapi?"

"Hasemi. Nadhani hakuna anayemutafuta."

Mahmoudi alivua shati lake, akainama, akamfunga miguu ipate joto. Haikusaidia kitu. Chadia alimwachia amalize, kisha akalifungua, akamrudishia, akaingia ziwani kwa hatua zake zilezile za kwenda sokoni. Mahmoudi alilibeba shati mkononi hadi nyumbani.

Siku ya ishirini na sita dosye ilirudi haina kashe hata moja ya Kinshasa. Mkubwa wa biro ya Kalemie alikuwa amebadilishwa mwezi ule, na saini ya mkubwa mpya ilikuwa bado haijaingia kwenye daftari la kule, kwa hiyo hawakuitambua.

Mahmoudi alipiga dirisha kwa kiganja. "Papa Déo! Muke wangu anaoza!"

Chadia alimvuta mkono. "Usimupigie kelele. Na yeye anatumwa."

Déogratias alijifuta macho, akatafuta bahasha nyingine, akaandika anwani ileile.

Alhamisi ya siku ya thelathini na tatu Chadia alichelewa. Alipofika, nywele zake zilikuwa na udongo mwekundu, na safari hii kikwembe hakikuwepo. Alikuwa amezungushiwa shuka la hospitali.

"Walituzika jana," alisema. "Tulikuwa kumi na wawili."

Mahmoudi alitaka kuuliza mambo mengi, akauliza moja.

"Walikuosha?"

"Hapana."

"Na kibla?"

"Nilijaribu kugeuka. Upande ule kulikuwa na muntu."

Kashe zote tatu zilikamilika siku ya hamsini na moja. Déogratias mwenyewe alipanda pikipiki akaileta hati bandarini. Mahmoudi alinawa hadi viwikoni kabla ya kuipokea. Ilikuwa nzuri, kashe ya ubalozi ilikuwa ya rangi ya zambarau. Alipanda mashua ya Kigoma jioni hiyohiyo, Chadia akitembea kando, ameshika ukingo.

Hospitali waliisoma hati mara mbili, wakasema haina kasoro. Walimpa kadi ya uchaguzi na nguo, wakamtaka asaini kwamba amepokea. Maiti, walieleza, haimo tena kwenye mamlaka yao. Kuifukua kunahitaji kibali, na ombi la mgeni lazima lihalalishwe kwanza nchini kwake.

Makaburini hapakuwa na majina. Chadia alimwonyesha tuta refu moja, akamwonyesha sehemu. Mahmoudi alivua viatu, akaelekea kibla, akasimama kuwasalia wote kumi na wawili, kwa kuwa hakujua kumtenga mmoja. Chadia alisimama safu ya nyuma, na wengine wakajipanga, wanawake kwa wanaume, wote na udongo nyweleni.

Alipotoa salamu, mmoja wao, mvuvi wa Moba, kule Kongo, alimsogelea akauliza kama hati ile yaweza kufaa watu wawili.

"Hapana, ndugu," alisema Mahmoudi. "Watu wako waanzie kwenye biro ya kwenu."

Mvuvi alishukuru. Mlinzi akaja kuwaambia kwamba saa za wageni zimekwisha. Mahmoudi alivaa viatu, akatoka na kifurushi cha nguo. Chadia alibaki, kwa sababu yeye hakuwa mgeni.