Inavuta, Shemeji

Karakanani walimwita Mluzi, kwa sababu hata akiwa angani alipiga mluzi kwenye redio kama mtu anayefua nguo. Alikuwa rubani wa ndege za majaribio. Mke wa mdogo wake alikuwa mpimaji hapohapo, na kazi hiyo alitafutiwa na Mluzi mwenyewe.

Mpimaji alitakiwa kujua injini inavuta hewa kiasi gani ikiwa juu. Chini unaweza kuifunga injini ukutani ukaipima upendavyo. Huko juu hewa ni nyepesi, ina baridi kali, na ndege ikiinua pua, hewa hiyo huingia kwenye injini kwa ubishi. Kwa hiyo alifunga mirija myembamba kwenye mdomo wa injini, imepangana kama meno ya kitana, nayo ikatuma vipimo hadi kwenye kompyuta yake, katika chumba cha pembeni mwa uwanja.

Asubuhi ile Mluzi alipanda akitania. “Shemeji, kitana umekifunga, nywele ziko wapi?”

“Zimekwisha kichwani mwako. Inua pua taratibu.”

Akainua. Kwenye kioo cha kompyuta mstari wa hewa uliteremka, ukatetema, kisha ukaanguka. Redioni ukasikika mlio kama wa mlango uliobamizwa.

“Imepaliwa,” alisema Mluzi. “Imezimika kabisa.”

Ilikuwa ndege ya injini moja. Alishusha pua ili upepo uizungushe injini, akajaribu kuiwasha. Haikukubali. Mkuu wa majaribio aliinamia redio akamwambia ajiandae kuruka na mwavuli.

“Naruka. Ngoja nijaribu mara ya mwisho.”

Ndipo mstari ukaanza kupanda. Mpimaji aliuona kabla ya mtu yeyote, akapaza sauti: “Inavuta! Inavuta, shemeji, hewa inaingia!”

“Kweli?”

“Kweli kabisa, inapanda!”

“Basi nabaki nayo.”

Mstari ulipanda hadi karibu nusu, ukasimama hapo. Hewa ilikuwa inaingia kweli, ila haikutosha kuibeba ndege. Mkuu alipopiga kelele “Ruka!” Mluzi alikuwa ameshashuka mno, mwavuli usingewahi kufunguka. Dirishani waliona vumbi likiinuka ng’ambo ya uzio.

Wachunguzi walikuja, wakapekua kila kitu. Wakasema mirija ilikuwa salama, vipimo vilikuwa sahihi, hakuna wa kulaumiwa. Mkuu alimshika bega mpimaji, akamwambia ashukuru. Mpimaji alitamani wangemwambia kipimo kilikuwa kibovu. Kipimo kibovu angekitupa.

Mumewe alimuuliza chumbani, mlango umefungwa, “Kwa nini kaka hakuruka?”

Akamwambia yote, neno kwa neno. Mume alikaa kitandani.

“Ungemdanganya,” alisema. “Ungesema tu haivuti.”

“Sikujua.”

“Najua hukujua.” Akainuka. “Mama asijue.”

Tangu hapo hakumgombeza wala kumkwepa. Alimpokea mizigo, alimwuliza kama amekula. Lakini hakumtazama usoni tena, na yeye hakuthubutu kumwomba amtazame.

Mama mkwe alihamia kwao baada ya maziko. Kila mpimaji alipoingia, mama alimsogezea kiti karibu yake, akamshika mkono, akamtaka asimulie upya: mwanangu alisikikaje, alikuwa na hofu?

“Hakuwa na hofu, mama.”

“Ulikuwa unaongea naye?”

“Nilikuwa naongea naye.”

“Afadhali,” mama alisema, akiupapasa ule mkono. “Alikwenda akisikia sauti ya mtu wa kwao. Mungu akulipe, mkwe wangu.”

Mpimaji aliitikia “Amina,” akaacha mkono wake palepale, maana hakujua aupeleke wapi.