Matufaha ya Bi Huldah

Binti unayelea hasira kifuani, msikie Kezia kwanza.

Kezia hakusahau siku wanaume wa mji walipompaka mumewe lami ya moto na kumbandika manyoya ya kuku, kisa kikombe kimoja cha chai ya Mwingereza. Aliyemchongea ni Bi Huldah, mwenye kilabu cha njia panda. Tangu hapo mume hatoki, hata kanisani haendi. Kezia akaapa: na yeye Huldah atapakwa, nitazame.

Pande zile za Boston, ugomvi wa walowezi na Mfalme wa Uingereza juu ya kodi ulikuwa umeharamisha majani ya chai. Kilabuni walichemsha matufaha makavu, majani ya rasiberi na matunda ya waridi mwitu, na kila mke wa mji alipeleka kikapu chake. Lakini Kezia alikuwa na kopo la chai yenyewe, kalifukia chini ya sakafu. Akaisaga yote, akaichanganya na matufaha yake, akaenda kuimimina kwenye gudulia la kilabu siku ya kikao cha kamati ya kusaka wanywa chai. Kisha akakaa pembeni kungoja, roho ikimdunda kwa furaha.

Shemasi Jabez, yule yule aliyeshika ndoo ya lami, akapiga funda. Akapiga la pili, akafumba macho.

"Bi Huldah, leo umetia nini humu?"

"Matufaha tu, Shemasi. Yamechacha?"

Sema, we mzee, sema! Kezia alikuwa ameng'ang'ania benchi.

Shemasi akawatazama wenzake. Wenzake wakatazama vikombe.

"Matufaha ya mwaka huu yamekubali," akasema. "Niongeze."

"Na mimi!"

"Mama, jaza mpaka juu, usinibanie!"

Kezia alitaka kupiga yowe. Ila wangemuuliza, wewe umejuaje?

Wiki ile farasi wa wateja walifungwa hadi barabarani. Gudulia lilipokauka, Bi Huldah akaja kugonga mlango, kicheko mdomoni.

"Shoga, yale matufaha yako matamu yameisha."

"Sina mengine."

"Utayatafuta. Nyumba inayojulikana kwa majani yale mjini hapa ni moja tu. Au mumeo amewakumbuka kuku?"

Kulipokucha Kezia akavaa viatu, safari ya Boston kwa wauza magendo, ili kilabu cha adui yake kisikose wateja.

"Unakwenda wapi?" mumewe akauliza nyuma ya pazia.

Kezia akatwaa kikapu, akashika njia.