Jedi la Marehemu Veronica

Tusidanganyane, kuingia kwenye nyumba ya mwanamume aliyefiwa na mke kunataka moyo. Sufuria unazikuta, mapazia unayakuta, hata msumari wa kutundikia chujio ulipigiliwa na mwenzio. Esteria alilijua hilo alipotoka kwao Mwandoya kuja kuolewa na Januarius pale Bariadi, na moyo alikuwa nao. Alichotaka ni kimoja tu: siku moja watu wapite barabarani waseme, pale ni kwa Esteria. Mpaka wakati huo walikuwa bado wanasema ni kwa marehemu Veronica.

Na kilichowasemesha hivyo ni jedi. Si mnalijua lile ua la majani manene, limejaa maji, jani moja utadhani ulimi wa ndama? Wengi wanalipanda kwenye kopo dirishani, linakua hovyo, basi. La Veronica lilikuwa jambo jingine. Lilikaa barazani ndani ya beseni kuukuu la bati, limefika kifua cha mtu mzima, shina limekakamaa, na matawi yote yameinamia upande wa mlango. Veronica alilipogoa miaka na miaka hadi likawa mti kamili, ila mdogo. Wanawake wa mtaa ule wote walikuwa na vipandikizi vyake majumbani mwao, na yeye mwenyewe alikuwa ameshazikwa Sola, kwa wakwe zake.

"Utalitunza," Januarius alimwambia Esteria siku ya kwanza, na hakusema zaidi. Ni mtu mpole yule, ana duka la pembejeo karibu na stendi, hajawahi kumpandishia mwanamke sauti.

Esteria akalitunza, lakini kwa akili yake. Aliona vumbi linavyoingia sebuleni, bodaboda zikipita ni balaa tupu, akaamua kuliacha jedi litanuke upande wa barabara liwe pazia. Akalizungusha beseni. Machipukizi yakaanza kutoka upande ule, na furaha aliyokuwa nayo haielezeki. Lilikuwa jambo lake la kwanza mle ndani.

Siku moja akaenda sokoni, akarudi, machipukizi hayapo.

Si kwamba mbuzi aliyatafuna. Yalikatwa kwa mkasi, juu kidogo tu ya pingili, na kila kidonda kimepakwa majivu. Vilele vilivyokatwa vimepangwa kwenye ungo kivulini, vikauke kabla ya kupandwa. Beseni nalo limerudishwa lilivyokuwa. Mlango ulikuwa umefungwa, geti vilevile. Esteria akabisha hodi nyumbani kwake mwenyewe, hebu fikiria.

Nyamizi, jirani yake wa ukuta mmoja, alipokuja kuonyeshwa akajishika kifua. "Majivu? Mama wee! Huyu ni Vero. Sisi wote alitufundisha kupaka majivu, lakini nani ana muda huo?"

"Usinitishe, Nyamizi."

"Nikutishe nini na umeona mwenyewe?"

Machipukizi yakarudi, Esteria akayaacha. Akaenda kanisani, akarudi yamekatwa, yana majivu. Akaenda mashineni kusaga, vilevile. Alipomweleza Januarius, Januarius alisikiliza vizuri, akasema jedi ni jedi tu, lisimnyime usingizi. Ikafika mahali Esteria anapita barazani harakaharaka, mgongo unamsisimka, anahisi kuna mtu amekaa pale kwenye kigoda anamtazama. Hakuwa anaogopa kufa. Aliogopa kufukuzwa, tena na mtu ambaye hana hata mwili wa kugombana nao.

Asingekuwa Januarius, angekwisharudi kwao zamani. Lakini mume yule alikuwa anamwangalia kwa makini ambayo Esteria hakuwahi kuyapata kwa mtu. Alimletea vitenge vya zambarau, akasema ile ndiyo rangi yake. Alimwambia nywele fupi zinamtoa vizuri, naye akazikata. Chai aliomba iwe na tangawizi nyingi; Esteria tangawizi humchoma kifua, lakini akaizoea. Na siku aliyocheka na Nyamizi kwa kelele zake za Mwandoya, kicheko cha mtu aliyekulia machungani, Januarius alimshika mkono akamwambia, "Polepole, mama." Yote hayo kwa upendo. Nani asingetaka kuolewa hivyo?

Mwisho akampigia simu mama mkwe wake, Milembe, kule Sola.

"Ulishajitambulisha kwa mwenzio?" bibi akauliza.

"Kwa nani, mama?"

"Kwa mwenye nyumba! Umeingia kwa mtu bila salamu, halafu unataka akupigie vigelegele?"

Ndivyo walivyo watu wa ukoo ule. Mke anayeingia nyumba ya aliyekufa huenda kwanza kaburini, akamwaga maji yaliyokorogwa na unga wa mtama, akataja jina lake na la baba yake, akaomba nafasi. Ndoa ya Esteria ilifungwa kanisani, kwa shela na kwaya, na katika shamrashamra zile kila mtu alidhani mwenzake amemwambia bibi harusi.

Akaenda Sola asubuhi, amevaa kitenge cha zambarau. Aliposhuka kwenye bodaboda, Milembe alikuwa mlangoni anachambua choroko. Sinia likamtoka mikononi. Akasimama ameshika nguzo.

"Mwangaluka, mayu," Esteria akamwamkia kwa Kisukuma, akipiga goti.

"Mwangaluka, ng'wanone," bibi akajibu. "Nimekuona kwa mbali nikadhani..." Akaingia ndani, akatoka na picha ya fremu. Kule Bariadi Januarius alikuwa ameziondoa picha zote ukutani ili Esteria asijisikie vibaya, kwa hiyo ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona Veronica. Mwanamke wa nywele fupi, kitenge cha zambarau, anatabasamu amefumba mdomo.

Kumbe hakuishia kwenye ua, Esteria akawaza. Ameshaniingia mwenyewe.

Kaburini alimwaga maji ya unga. "Mimi ni Esteria, ng'wana Masunga, wa Mwandoya. Dada, sikuja kukunyang'anya. Jedi chukua, ni lako. Hata nyumba chukua ukitaka. Niachie mimi mwenyewe tu." Na akalia, kilio cha kweli, hadi Milembe akamshika mkono akamwinua.

Ilikuwa alale huko, lakini jirani alikuwa na msiba, nyumba imejaa wageni, mama mkwe akamwambia bora awahi gari. Jua lilikuwa bado kali alipofika Bariadi. Bodaboda ikamshusha getini, dereva akabaki palepale anaongea na simu. Geti lilikuwa wazi. Esteria akasikia mkasi.

Kwacha. Kimya. Kwacha. Mchana kweupe! Nusura akimbie. Kisha akajisemea, nimeshampa mtu unga wake, leo tuonane uso kwa uso, akaingia.

Alikuwa Januarius. Amekaa kwenye kigoda, kopo la majivu miguuni, mkasi mkononi, anakata machipukizi ya upande wa barabara.

Esteria akaangua kicheko. "Kumbe ni wewe! Siku zote hizi nahangaika na marehemu wa watu, kumbe ni wewe!"

Januarius hakushtuka, wala hakuona haya. "Nilikuwa sitaki kukusumbua," akasema. "Njoo uone. Ukikata hapa, juu ya pingili, yanatoka mawili. Hili linaelekea barabarani, unaliondoa. La mlangoni unaliacha. Usitumie nguvu wala hasira. Kidogo kidogo, kila linapojaribu. Mwisho halijaribu tena, linaenda lenyewe unakotaka."

"Na lenyewe halijui?"

"Litajuaje?" Akafuta vidole kwenye suruali, akanyoosha mkono akamgusa kisogoni, pale nywele zinapoanzia. "Hizi nazo zimeanza kurefuka. Kesho upite saluni."

Vidole vilevile, upole uleule. Esteria alisikia baridi katikati ya jua lile. Kitenge. Chai. Kicheko. Akaelewa kwamba Veronica wa watu hakuwa na kosa lolote, amelala zake Sola. Aliyekuwa anamtoa Esteria duniani, tawi moja moja, ni huyu asiyejua hata kugomba. Laiti ungekuwa mzimu! Mzimu unapelekewa unga, yanakwisha.

"Januarius," akasema. "Niambie kitu kimoja ninachokipenda. Mimi, Esteria. Kimoja tu."

Januarius akafikiri. Masikini, alitaka kweli kujibu vizuri, uso wake wote ulikuwa unatafuta. Kisha ukachangamka.

"Kuimba," akasema. "Unapenda kuimba jioni, ukiwa unapika."

Esteria hakuwahi kuimba ndani ya nyumba ile. Hata kanisani hutikisa midomo tu, wenzake wakiimba.

"Imba basi," Januarius akamwomba. "Ule wa siku zote." Akaweka mkasi chini, akaegemea ukuta, akafumba macho kusubiri.

Esteria alisimama akimwangalia. Hofu na huruma vilimbana pamoja, kwa sababu hakuwahi kumwona mume wake akiwa na raha namna ile. Kisha akashuka barazani kwa kunyata, akatoka getini, akapanda bodaboda ileile, akamwambia dereva ampeleke stendi. Pikipiki ilipogeuka, akatazama nyuma. Januarius alikuwa bado amefumba macho, kichwa kinayumba taratibu, anafuatisha wimbo.