Pete Haingii Humu

Fundi cherehani alipanda ngazi za maabara akiwa amezifumbata kiganjani funguo za nyumba ya marehemu mama yake. Amkabidhi kaka yake, yaishe. Karatasi za mirathi alishatia saini: kaka achukue nyumba, na yeye, aliyemwogesha mama na kumgeuza kitandani mpaka akakata roho, achukue pete ya mama.

"Almasi hiyo peke yake inanunua nyumba kama hii na chenji inabaki," kaka alisema siku ya kikao. Nani ambishie? Yeye ndiye msomi wa mawe. Nyumbani walimwita Kokoto, maana hakuna mlo alioumaliza bila kuwasomesha watu.

Na somo lilikuwa moja tu, zirkoni. Kijiwe kidogo kama chembe ya chumvi, kimejikalia ndani ya mwamba. Mlima unaliwa na mvua unakuwa mchanga, mchanga unashindiliwa unakuwa mwamba tena, chenyewe kipo tu. Kilipozaliwa kilimeza madini ya urani kidogo, na urani hiyo inageuka madini ya risasi polepole, kwa mwendo usiobadilika. Pima kiasi cha hii na cha ile, umejua umri wake. Vingine vinakaribia umri wa dunia yenyewe.

"Kula kwanza, Kokoto," mama alikuwa akimwambia. "Dunia haikimbii."

Alimkuta ameinamia trei ya mwamba uliosagwa, chekeche la chuma mkononi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Ishia hapo hapo mlangoni, vua viatu. Na pete iache nje, haingii humu."

"Imekosa nini?"

"Ni ngumu, lakini kingo zake zinabanduka ovyo. Kipande kikidondoka kitajichanganya na zirkoni za mwamba wangu, umri wote utakuja wa uongo. Kazi ya mwaka mzima hii, siwezi..."

Chekeche likabaki hewani.

Fundi alivua kiatu kimoja, akakirudisha mguuni.

"Kaka, chembe ya almasi ingekuharibia nini?"

"Mdogo wangu, kaa kwanza."

"Ulijua lini?"

Kokoto akajikohoza. "Tangu nasoma. Ukiitazama kwa lenzi, kingo za nyuma unaziona mbili mbili. Almasi haifanyi hivyo, zirkoni ndiyo hufanya. Lakini usiidharau. Ni kitu kikongwe hicho, pengine kuliko milima yote unayoijua."

"Mvua ikinyesha nijifunike huo ukongwe?"

"Mama mwenyewe aliiita almasi."

"Mama hakusomea mawe."

"Hukushikwa mkono," akasema, sasa kwa sauti ya kikao. "Ulisaini mwenyewe."

"Nilisaini. Kweli kabisa."

Akaingia na viatu vyake. Funguo akaziweka mezani. Akamwondolea kaka yake chekeche mkononi, bila nguvu, kama anavyomnyang'anya mkasi mwanafunzi anayeharibu kitambaa. Kisha, juu ya trei, akaliburuza jiwe la pete kwenye ukingo wa chuma, taratibu, toka mwanzo hadi mwisho. Lilisaga kama jino.

Kokoto alishika trei kwa mikono miwili. "Kimeanguka kitu?"

"Wewe ndiye msomi."

"Dada, nakuuliza. Kimeanguka?"

Alipofika mlangoni alisikia lenzi ikiburutwa mezani, na kaka yake akipumua kwa mdomo kama mtoto anayetafuta sindano. Ngazini hakuitazama pete kama imebanduka. Katika nyumba aliyoiachia funguo, cherehani yake ilikuwa inangoja kufungashwa, na kitanda cha mama kufunguliwa, na hakujua avipeleke wapi.