Marcelo Anapiga Kwenye Madumu

Uvumi huo Specioza aliupata Jumanne asubuhi, kwenye foleni ya pampu ya maji pale Dutwa, na tangu hapo ukamganda kama kupe. Ulisema kwamba Marcelo hakuuawa na malaria, wala hakurogwa na watu wa bendi pinzani, ya upande wa pili. Aliuawa na maji ya kunywa, na maji hayo alipewa na msichana mwenye gauni la njano.

Walioongea walikuwa wanawake wawili waliokuwa mbele yake.

"Gauni lenyewe limeandikwa maandishi ya kizungu kifuani," alisema mmoja.

"Basi huyo si wa hapa. Wa hapa tungemjua."

Specioza alijaza ndoo yake, akajitwisha, akaondoka. Gauni la njano lenye maandishi ya kizungu kifuani alikuwa amelinunua yeye mwenyewe mnadani, kwenye robota la mitumba, na wakati ule lilikuwa limeanikwa nyuma ya nyumba yake. Alipofika alilianua bado bichi, akalikunja, akaliweka chini ya godoro. Gloria, binti yake wa miaka kumi na saba, alikuwa amekaa mlangoni na kipara kipya, akilia bila sauti.

Marcelo alikuwa mpiga gita la umeme. Wilaya nzima ya Bariadi hakuna aliyepiga roki kabla yake. Alijifunza kwenye kanda walizoziacha madereva wa malori pale Lamadi, na umeme wa gita aliutoa kwenye betri ya lori. Gita liliunguruma kama mashine ya kusaga, na juu yake akaimba Kisukuma: juu ya palizi la pamba, juu ya ng'ombe, juu ya msichana aliyekataa kuozwa na akaenda zake kwa baiskeli. Vijana walikuwa wanatembea kutoka Lagangabilili kuja kumsikia. Wazee walisema ni kelele, halafu wanasogeza viti karibu.

Jumapili aliyokufa alipigia Dutwa, uwanja ulio mbele ya ghala la pamba, saa tisa mchana, jua kali. Baada ya wimbo wa pili aliomba maji. Msichana akapenya katikati ya watu na dumu. Marcelo akaliinua, akanywa mpaka likabaki nusu, akarudi kwenye gita. Katika wimbo wa tatu jasho lilimtoka mpaka shati likagandana na mgongo. Katika wa nne mate yakaanza kumchuruzika na mikono ikatetemeka, na watu wakashangilia wakidhani ndiyo mtindo mpya. Mboni za macho yake zilikuwa zimekuwa ndogo kama punje za ulezi. Alifia kwenye lori, kabla halijafika Bariadi mjini.

Mashabiki walinyoa vichwa kama ndugu wa damu wanavyonyoa. Mia mbili na zaidi waliweka matanga uwanjani palepale. Wa Lamadi walileta dagaa, wa Lagangabilili walileta unga, na Mzee Mayige, baba mdogo wa marehemu, akakaa kwenye kiti cha mbele kupokea pole.

Siku ya tatu baada ya maziko, Gloria alifungua dumu la maji ya kunywa na ndani mkatoka gita. Lilikuwa gita la Marcelo, lile la wimbo wa msichana na baiskeli, na lilitoka safi kuliko lilivyotoka kwenye spika.

"Funika," alisema Specioza, "vumbi litaingia."

Gloria hakufunika. Alikaa chini, akaliegemeza dumu kifuani, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanywa kikombe kimoja.

Kufika mchana ilijulikana kwamba Marcelo anapiga kwenye nyumba nyingi za Dutwa. Watu walimshukuru Mungu na kuendelea na kuchambua pamba. Ila Specioza alikuwa mtu wa wasiwasi, na mtu wa wasiwasi huangalia kile ambacho wenzake wanakisikiliza. Kesho yake asubuhi alizunguka nyumba kwa nyumba.

"Mwangaluka, mayu," aliwaamkia akina mama kila mlango.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola. Huku kwenu anapiga kwenye nini?"

Walimwonyesha. Hakupiga kwenye mitungi. Hakupiga kwenye ndoo, wala kwenye madumu ya mafuta ya taa, wala kwenye vibuyu vya maziwa. Alipiga kwenye dumu la aina moja tu, jeupe, la lita tano, kifuniko cha buluu. Lilikuwa dumu la dawa ya pamba, ile ya kuua wadudu.

Madumu yale hayakuwa na siri. Enzi za ushirika, bwana shamba alikuwa anapita baada ya kupulizia, anayakusanya matupu, anayatoboa na kuyafukia. Ikaja ruhusa ya kila mtu kununua pamba, makampuni yakaja matatu kwa mpigo, na bwana shamba hakuonekana tena. Wakala wa kampuni moja, Joakim, aliwapita wenzake kwa ujanja mdogo: kila aliyempelekea pamba alipewa dumu tupu la zawadi. Karatasi za fuvu na mifupa alizibandua, maana alisema zinatisha wateja. Akina mama walifurahi. Dumu zuri, halivuji, lina mpini. Waliliosha kwa majivu na mchanga mara tatu, wakasuuza, wakanusa, na liliponukia majivu walisema limetakata.

Specioza alikuwa ameliosha la kwake mara nne, kwa sababu ya wasiwasi. Sasa alisimama katikati ya njia na kujua kitu kizima, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alijua pia kwamba akikisema, lile gauni chini ya godoro litakuwa na mwenyewe.

Ijumaa alikufa Method, kijana aliyekuwa mbele ya wote kwenye matanga. Alikuwa amekunywa maji ya dumu kutwa nzima ili sauti ya Marcelo imkae tumboni. Jasho, mate, mboni kama punje za ulezi. Walimzika asubuhi, na jioni hiyohiyo madumu yalipofunguliwa gita lilikuwa na ngoma nyuma yake. Ilikuwa mikono ya Method. Kila mtu aliijua, alivyokuwa anachelewa kidogo kwenye pigo la nne.

"Amempata mpiga ngoma," alisema Mzee Mayige. "Alikuwa peke yake mno."

Jumatatu alifuata Thomasi, mchezaji wa njuga, na njuga zikaingia. Uwanjani yalifunguliwa madumu arobaini kwa pamoja, na watu walicheza mpaka vumbi likapanda juu ya paa la ghala. Mashabiki walisema hata alipokuwa hai bendi yake haikuwa hivi. Walianza kuhesabu kilichopungua.

"Gita lipo, ngoma ipo, njuga zipo," alisema kijana mmoja wa Lamadi. "Hajapata mwitikiaji. Sauti ya kike."

Watu wakageuka kumtazama Gloria, bila ubaya wowote, maana Gloria ndiye aliyekuwa anaitikia vizuri kuliko wasichana wote wa kwaya ya parokia. Gloria akainamisha macho kama mtu aliyechaguliwa.

Specioza aliona hilo kutoka kwenye mafiga alikokuwa anapika uji wa wafiwa. Aliuacha uji ukaungua. Alienda nyumbani, akalitoa gauni la njano chini ya godoro, akarudi nalo uwanjani, akasimama mbele ya kiti cha Mzee Mayige na kulikunjua.

"Gauni mnalolisema ni hili. Msichana ni Gloria wangu. Dumu niliosha mimi. Marcelo alikunywa dawa ya pamba, na Method, na Thomasi, na nyie mnakunywa hivi sasa."

Kwenye madumu Marcelo aliendelea kupiga.

"Mayu Gloria," alisema Mzee Mayige kwa upole, "uchungu umekuzidi. Aliyemuua Marcelo tunamjua, ni wa upande wa pili, na waganga wameshasema. Mtoto wako alimpa maji mtu mwenye kiu. Hiyo ni heri kwake."

"Mwacheni, anataka na yeye aimbwe," alisema mmoja, na watu wakacheka kidogo.

Joakim mwenyewe alikuwepo, ameleta sukari ya msiba. Aliweka mkono begani kwa Specioza. "Mama, hii ni dawa. Ingekuwa mbaya wangeiruhusu iuzwe?"

"Kunywa basi," alisema Specioza, akamsogezea dumu.

"Mimi nimeshakunywa soda."

Hakuna aliyelitilia maanani jibu hilo. Njuga zilikuwa zimefika mahali pake patamu.

Specioza alimshika Gloria mkono kama mtoto wa darasa la kwanza, wakaondoka. Nyumbani alilimwaga lile dumu, akaliweka sakafuni, akalikalia. Alilikalia siku tatu. Alipika amekaa, alikula amekaa, alipokea wageni amekaa, na wageni walimsalimu "Mwadila" na kuongea naye kama kawaida huku Marcelo akipiga chini yake mpaka kiuno chote kinatetemeka. Usingizi aliupata kwa kuegemea ukuta. Akihitaji kwenda msalani alilibeba.

"Mama, nipe nimsikie tu. Sitakunywa."

"Wasikie hapo ulipo. Hata Lamadi wanasikia."

"Wanasema ana nafasi yangu."

"Nafasi yako ipo hapa. Kuna mtama haujapepetwa."

"Wewe hukumpenda."

"Nilimpenda," alisema Specioza. "Ule wimbo wa baiskeli nilikuwa nauimba shambani wewe ukiwa mbali. Niletee msumari wa nchi sita na jiwe."

Gloria hakuleta. Alipiga magoti, na kwa mara ya kwanza tangu mazikoni alilia kwa sauti. "Ukilitoboa unamuua mara ya pili."

"Yeye kufa ameshajua," alisema Specioza. "Wewe bado."

Msumari aliutafuta mwenyewe, na dumu kwapani. Tundu la kwanza Marcelo alipiga kama hajaguswa. La pili, ngoma ya Method ilikatika. La tatu, njuga zikaanguka zote pamoja kama mtu amezivua, gita likapanda juu, juu kabisa, mahali ambapo hata alipokuwa hai hakupafikia, halafu nyumba ikawa kimya. Specioza aliongeza matundu mengine sita ili asibaki na shaka, akachimba shimo la kufika kiunoni mbali na pampu, akalifukia.

Gloria hakumsemesha mama yake mpaka mvua za kupandia. Alipepeta mtama, aliteka maji kwa mtungi, alifanya kila alichoambiwa, ila neno hakutoa. Specioza aliongea kwa wote wawili. Kila asubuhi alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, akamwangalia mboni. Zilikuwa kubwa, nyeusi, zenye hasira. Specioza alishukuru kwa hasira hiyo.

Alijaribu pia nyumba nyingine. Alienda na msumari wake kwa miguu mpaka vijiji vya mbele, akigonga milango mchana kweupe, na nyumba nne zilimruhusu atoboe. Nyingine walimkaribisha, wakampa kiti na viazi, wakaficha dumu. Wengine walimtania: "Amekuja mayu wa msumari. Ficheni bendi." Alikula viazi, akasema maneno yaleyale, akaendelea na safari.

Mwezi wa kumi mwitikiaji alipatikana. Alikuwa Anna, mtoto wa Klementina wa Lagangabilili, miaka kumi na sita. Specioza alikuwa amefika kwa Klementina wiki moja kabla, akapewa kiti, akaondoka na msumari safi, hajatoboa kitu. Watu waliosikia walisema ni sauti nzuri ajabu, inapanda nyuma ya gita kama moshi wa asubuhi, na kwamba sasa bendi imekamilika. Klementina aliizima redio yake, akakaa na dumu lake. Specioza alipoenda kumpa pole, Klementina alimfungulia kifuniko amsikie mtoto. Specioza alisikiliza wimbo mzima amesimama. Kisha akasema amesikia, anaimba vizuri, naye akaomba maji ya mtungini.

Msimu uliofuata pamba ilikuwa nyingi. Joakim alijenga ghala la pili, na kwa sababu ya ushindani alianza kutoa madumu mawili badala ya moja. Foleni ya wauza pamba ilifika kwenye barabara ya mabasi ya Bariadi. Specioza, ambaye aliishia darasa la saba na ana mwandiko wa kusomeka, aliandika karatasi, akaibandika kwenye mti ulio mkabala na foleni. Ikibanduliwa anaandika nyingine. Imeandikwa hivi:

Usichote maji ya kunywa kwa dumu la dawa ya pamba.
Usiweke humo maziwa, togwa, mafuta wala pombe.
Usidanganyike na majivu na mchanga. Hata mara nne. Mimi niliosha mara nne.
Usilipokee tupu hata kama ni zawadi.
Usibandue karatasi ya fuvu, na usinunue dawa iliyobanduliwa karatasi.
Usimpe maji mtu mwenye kiu kabla hujajua chombo kilikuwa cha nini.
Ukiona jasho, mate na mboni ndogo, usianze kwa mganga na usimnyweshe maziwa ukingoja yafanye kazi. Mkimbize zahanati.
Usilifungue ili usikie.
Usimfungulie mtoto.