Dakika Hamsini na Tatu Nyuma ya Mbao

Dereva alizima injini ya gari la chanjo kwa dakika hamsini na tatu, akiwakwepa polisi ambao hawakuwa na neno naye. Jokofu la gari lile lilipata nguvu kutoka kwenye injini. Injini ikizimwa, baridi inakufa. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana alikuwa na miaka sita kwenye usukani ule. Na bado alizima.

Ukitaka kujua kwa nini alizima, itabidi uanzie sebuleni kwake, kwenye mchezo wa magari.

Walikuwa wachezaji wawili, yeye na shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye kazini alikuwa mtunza stoo ya baridi. Asubuhi shemeji anapakia, dereva anaendesha. Saa kumi na moja jioni wote wako kwenye kochi moja mbele ya televisheni, kila mmoja na pedi ya mchezo mkononi, viatu wameviacha mlangoni, na ubishi ni uleule wa jana.

Dereva alipenda kukimbizwa na polisi. Mbio za kawaida zilimchosha. Aliona ni kazi aliyoifanya mchana kutwa. Alichotaka ni king'ora kianze nyuma yake, magari ya polisi yaongezeke, mawili, matano, tisa, wamfungie njia kwa vizuizi, na mstari mwekundu chini ya kioo cha televisheni upande wa kulia, unaoonyesha wanavyomkaribia, ujae hadi mwisho. Hapo moyo ulimwenda mbio na meno yakamkaa nje. Kisha hutafuta kichochoro, anaingia, anazima injini, anatulia tuli. Polisi wanapita na taa zao. Mstari unashuka taratibu, unageuka bluu, unafutika. Umepona. Aliweza kufanya hivyo mara sita kwa jioni moja na asishibe.

Shemeji mtu alikuwa kinyume chake. Alichagua barabara moja ya mashindano, ileile kila siku, bila polisi, bila mpinzani, na kushindana na saa. Mchezo ulimwekea gari la kivuli, gari lake mwenyewe la mzunguko uliopita, limepauka kama moshi, na kazi yake ilikuwa kulipita. Akilipita kwa nusu sekunde, anaweka pedi chini na kwenda kunywa maji kama mtu aliyemaliza kulima. Ndiyo maana kazini walimwita Sekunde.

"Unajikimbiza mwenyewe, shem," dereva alikuwa akimcheka.

"Bora nijikimbize mwenyewe kuliko kukimbizwa," Sekunde alimjibu. Alisema wazi kwamba ving'ora, hata vya uongo, vilimkata tumbo. Mchezo ukifika hapo yeye hutoka nje.

Mke wa dereva alipita katikati yao na mtoto mgongoni, wa miezi tisa, akawaambia kwamba wanaume wawili wenye ndevu wanagombania televisheni na nepi za kufua hazina mgombea hata mmoja. Wote wawili wakajifanya hawakusikia.

Mtoto huyo alikuwa anasubiri chanjo ya surua. Zahanati zilikuwa hazina chanjo hiyo kwa wiki tano, na mtaa wa pili tayari kulikuwa na watoto wenye vipele na homa. Mama yake alikuwa hamruhusu mtu kumbusu. Basi shehena ilipofika, dereva aliambiwa apeleke zahanati nne siku ya Alhamisi, na zahanati ya kwanza ilikuwa ya mtaani kwao. Mkewe alisema atakuwa kwenye foleni kabla ya saa moja. "Usinichelewee," alimwambia. "Leo nakusubiri wewe kama ninavyosubiri mshahara wako."

Kuna jambo jingine ambalo mkewe hakuambiwa. Leseni ya dereva ilikuwa imekwisha muda siku kumi na moja nyuma. Alikuwa amepanga kwenda kuilipia Jumamosi. Bosi mpya alikuwa amebandika tangazo kwenye mlango wa ofisi kwamba atakayekutwa barabarani na karatasi zilizokwisha muda asirudi kazini. Kila alipopita pale dereva aliangalia viatu vyake.

Upakiaji ulikuwa na utaratibu wake. Mtunza stoo anafunga mlango wa nyuma, anazungusha mpini hadi ulie mara mbili, anasema, "Imefungwa." Dereva anazunguka nyuma, anauvuta mpini kwa mkono wake, anajibu, "Nimeona." Hakuna kuandika, hakuna kusaini, maneno hayo mawili ndiyo saini. Walikuwa wameyasema siku zote za miaka sita.

Alhamisi hiyo walianza kubishana kabla kreti la kwanza halijaingia. Jioni iliyopita dereva alikuwa amewatoroka polisi kumi na mmoja kwa kujificha kwenye uwanja wa ujenzi, na aliisimulia habari hiyo kama mtu aliyerudi vitani. Sekunde akamuuliza ni ushindi gani huo. Hakumpita mtu, hakuvunja muda wa mtu, amejibanza tu gizani kama panya. Dereva akasema mtu anayezunguka barabara moja miezi minne hana haki ya kumwita mwenzake panya. Sekunde alizungusha mpini huku akijibu, ukalia mara moja, naye alikuwa bado hajamaliza sentensi.

"Imefungwa," alisema.

Dereva alikuwa ameshakaa kwenye kiti. Alitoa kichwa dirishani, akitafuta tusi zuri la mwisho.

"Nimeona," alijibu, akaondoka.

Alikuwa amepita mzunguko wa barabara aliposikia king'ora. Kwenye kioo cha pembeni aliona pikapu ya polisi, taa zinawaka, askari wawili ndani, na mmoja ametoa mkono dirishani anaupunga juu chini.

Jambo la kwanza lililomjia ni leseni. La pili ni tangazo la bosi. La tatu halikuwa wazo. Mguu wake wa kulia ulikanyaga mafuta.

Siyo kwamba aliona raha. Watu walimuuliza baadaye, na wengine waliuliza huku wanacheka, kama aliona raha. Aliona kinywa kimekauka na sauti ya moyo wake ndani ya masikio. Mchezoni hofu ile ilikuwa tamu kwa sababu kulikuwa na kitufe cha kusimamisha. Hapa kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa kinausugua usukani, kinakitafuta kitufe hicho.

Alikata kushoto kati ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Barabara ilikuwa nyembamba. Mwanamke aliyebeba beseni alirudi ukutani. Mtu wa baiskeli alijitupa pembeni, na dereva alimwona usoni kwa muda mfupi sana, mdomo wazi, macho makubwa. Kwenye kioo akaona baiskeli imelala na kiatu kimoja kimebaki katikati ya barabara. Mchezoni watu huruka pembeni na hakuna anayeacha kiatu.

King'ora kilikuwa kinakuja. Akakata tena kulia, akaona geti la kiwanda cha kupasua mbao limeachwa wazi, akaingia, akapita katikati ya marundo ya mbao hadi nyuma kabisa, mahali ambapo barabara haionekani. Akazima injini. Akachomoa funguo, akaziweka mapajani, akatulia tuli.

Ilikuwa saa tatu na dakika nne.

Pikapu ilipita nje, sauti ikaenda mbali. Akashusha pumzi. Kisha ikarudi. Ikapita tena, polepole zaidi, na safari hii bila king'ora, na hiyo ilimtisha kuliko king'ora. Macho yake yalishuka chini ya kioo cha mbele, upande wa kulia, kuutafuta ule mstari. Palikuwa na nzi aliyekufa na vumbi. Hakuna kilichokuwa kinashuka, hakuna kilichokuwa kinageuka bluu. Hapo ndipo alipotambua kwamba hajui kujificha huku kunakwisha lini.

Ndani ya kiwanda, msumeno mkubwa ulikuwa unakata magogo. Kila ulipogusa gogo jipya sauti ilianza chini ikapanda juu, kama king'ora, na kila mara tumbo lilimkata. Alimkumbuka Sekunde anavyotoka nje ya sebule ameshika tumbo. Hakucheka.

Simu ikaita. Sekunde. Hakupokea. Ikaita tena, na tena. Aliwaza kwamba polisi wameshachukua namba za gari, wamefika ofisini, wamemkalisha shemeji yake mbele ya simu wampigie. Kijasho kilimtiririka mgongoni hadi kwenye mkanda. Ilipoita mara ya tisa aliizima kabisa, kwa sababu hata mwanga wa kioo chake aliuogopa mchana kweupe.

Jua lilipanda juu ya bati la gari. Alilisikia bati likialika kwa joto, tak, tak, juu ya kichwa chake. Alisikia pia maji yakidondoka mahali fulani nyuma. Aliyasikia. Mtu mwenye miaka sita kwenye gari la baridi anajua maji hayo ni ya nini. Alijiambia dakika tano tu. Alijiambia hivyo mara kadhaa, akiwa na funguo mapajani, na mkono haukuinuka.

Saa tatu na dakika hamsini na saba fundi wa msumeno alitoka kupumzika. Alikuwa mtu mzima, nyusi zimejaa unga wa mbao. Alilizunguka gari, akasimama dirishani.

"Bwana wa chanjo," alisema, "mlango wako wa nyuma uko wazi."

Dereva alimtazama bila kuelewa.

"Umeachia hivi," fundi alisema, akatanua viganja vyake viwili. "Umeingia nao hivyohivyo. Nilidhani umekuja kuutengeneza."

Alishuka. Akashika bati, nalo likamuunguza. Mlango ulikuwa unaning'inia, mpini umekaa nusu. Maji yalikuwa yametengeneza dimbwi juu ya unga wa mbao. Kipimo cha joto ndani, ambacho hakitakiwi kuvuka nyuzi nane, kilisoma ishirini na sita.

Alikuwa bado anakitazama askari wawili walipoingia kwa miguu. Mkubwa wao alikuwa anahema. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kutafuta.

"Tumekupungia tangu kwenye mzunguko," alisema. "Tulitaka tukuambie ufunge mlango. Ulikuwa unamkimbia nani?"

Ndani ya kichwa cha dereva kulikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa ya mtoto.

Aliwasha simu kwa sababu hakujua mikono yake ifanye nini kingine. Kile kipimo cha joto kilikuwa na kazi ya kumpelekea mtunza stoo ujumbe kila joto likipanda, jambo ambalo dereva alilijua na alikuwa amelisahau. Sekunde aliandika hivi: "Washa injini. Sijali uko wapi. Washa tu injini." Chini yake palikuwa na ujumbe wa mkewe: "Tuko namba nane kwenye foleni. Mtoto amelala. Umefika wapi?"

Aliwasha injini. Jokofu likaanza kunguruma, kwa utiifu, kama kawaida, likaanza kupoza vitu ambavyo havikuwa na maana tena.

Wakubwa wa kazi waliuliza maswali siku mbili. Sekunde alisema mpini ulilia mara moja na kwamba yeye ndiye aliyesema umefungwa. Dereva alisema aliona wakati hakuona. Hakuna aliyemtupia mwenzake lawama, na huo ndio mwisho wa wema uliokuwa kati yao. Tangu hapo wakikutana njiani husalimiana kwa kichwa. Leseni iliulizwa kituoni, baadaye, katikati ya mambo mengine, na askari aliyeiangalia aliirudisha mezani na kuendelea na maswali mengine. Pedi mbili na mashine ya mchezo ziko kwenye boksi chini ya kitanda.

Hesabu yake ni hii. Dakika hamsini na tatu. Chupa za chanjo mia moja na arobaini, zote zilitupwa. Zahanati nne hazikupata kitu. Akina mama sitini na wawili walirudishwa nyumbani kutoka foleni ya kwanza peke yake, waliambiwa waje baada ya wiki tatu. Watu wawili walipoteza kazi. Mtu wa baiskeli alivunjika kifundo cha mkono. Katika zile wiki tatu, watoto saba wa foleni ile waliugua surua. Sita walipona, na wa dereva ni mmoja wa hao sita. Wa saba alikuwa wa mwanamke aliyesimama namba tisa, nyuma ya mke wa dereva, na ndiye aliyekuwa amembebea mfuko wa nepi asubuhi nzima.