Kofia ya Leebert

Mama yangu, Icilda, aliwafumia kofia za kroshia Marasta wa hapa Mandeville. Alifariki kabla ya kumaliza ya Leebert, mwenye dredi zinazofika kiunoni. Nilitaka niimalize kama ambavyo mama angeimaliza. Kwa kuwa ilipaswa kuwa kubwa, niliongeza vitanzi hadi ukingoni.

Leebert alipoivaa, ilimteremka mpaka puani.

"Dada Verna, hii kofia au sufuria?"

"Si ulitaka kubwa?"

"Dada, paji langu halijaota nywele! Mama yako alinifungisha dredi juu kwanza, ndipo akapima."

Sikuwahi kumwona akipima, maana aliwafuata wateja majumbani kwao. Leebert akazifunga dredi juu, nami nikazungusha uzi kwenye fungu lote, kisha kwenye paji peke yake. Nikafumua hadi katikati. Nikapanua tumbo la kofia mizunguko minane, halafu nikapunguza vitanzi mpaka ukingo ukashika paji.

Alitikisa kichwa kwa nguvu na kofia haikusogea.

"Enhe, hii ndiyo ya Mama Icilda."

Nikamvutia kiti, nikamuuliza mama alikuwa akifanya nini kingine nisichokijua.